Kutunza na Kubadilishana Taarifa Miongoni mwa Majeshi Washirika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa ofisa mnadhimu anayepangiwa kwa mara ya kwanza kwenye makao makuu ya pamoja, askari wa mawasiliano anayeunganisha mitandao, mtumishi raia wa wizara ya ulinzi, na mwananchi yeyote anayejiuliza inakuwaje majeshi yaliyokubaliana kupigana upande mmoja yashindwe kuambiana jambo ambalo mmoja wao analo tayari mezani. Yote yaliyomo yanatokana na mambo yaliyokwisha kuwekwa wazi kwa umma.

Kubadilishana taarifa kati ya majeshi washirika ni kazi gani hasa?

Ni kazi ya kuhakikisha kwamba taarifa iliyopatikana na jeshi moja inamfikia kamanda wa jeshi jingine anayeihitaji, ikiwa bado haijapitwa na wakati, katika lugha na muundo anaoweza kuutumia, bila kuangukia mikononi mwa adui na bila kumponza aliyeitoa. Masharti hayo hutakiwa yote kwa pamoja, na ndiyo maana kazi yenyewe ni ngumu: ni rahisi kuwa mwepesi ukiacha usalama, na ni rahisi kuwa salama ukikaa kimya.

Watu wengi wakisikia neno taarifa katika mambo ya jeshi hufikiria ujasusi peke yake. Ujasusi umo, lakini sehemu kubwa ya kinachopaswa kupita ni mambo ya kila siku: kikosi kipo wapi usiku huu, ndege zipi zitapita na saa ngapi, daraja lipi halibebi kifaru, eneo lipi lina mabomu ya kutegwa ardhini, hospitali na shule zipi zisiguswe, akiba ya mafuta na damu imebaki kiasi gani. Kwa maoni yangu hapa ndipo maofisa wapya wanapopotea, kwa sababu huweka nguvu zao zote kwenye siri kubwa na kuyaacha haya mengine yajipitishe yenyewe.

Je, kweli kukosekana kwa taarifa kati ya washirika kunaweza kuua?

Kunaua, na mifano yake ni ya kuhuzunisha. Tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraq, ndege mbili za kivita za Marekani aina ya F-15 zilitungua helikopta mbili aina ya Black Hawk za jeshi la nchi kavu la Marekani hiyohiyo. Walikufa watu 26: Wamarekani 15, Wakurdi watano, Waturuki watatu, Waingereza wawili na Mfaransa mmoja. Helikopta zile zilikuwa katika kazi halali ya muungano uliokuwa ukiwalinda Wakurdi. Ndege ya rada iliyosimamia anga ile ilikuwa imewasiliana nazo mapema. Hata hivyo vifaa vyao vya kumtambulisha rafiki vilikuwa bado vinatoa namba iliyotumika nje ya eneo lile, ilhali ndani ya eneo ilitumika nyingine. Redio zao hazikuwa kwenye masafa waliyoyatumia marubani wa F-15. Na marubani hao waliingia wakiamini kwamba hakuna ndege ya upande wao iliyowatangulia.

Miaka minane baadaye, tarehe 17 Aprili 2002, askari wanne wa Kanada waliuawa na wengine wanane kujeruhiwa karibu na Kandahar, Afghanistan, kwa bomu lililodondoshwa na ndege ya Marekani aina ya F-16. Wakanada walikuwa katika mazoezi ya usiku ya kufyatua risasi za moto. Rubani aliona mwako wa silaha, akadhani anashambuliwa kutoka ardhini. Kwamba pale palikuwa na uwanja wa mazoezi, na kwamba usiku ule ulikuwa unatumika, yeye hakuwa na habari.

Ukiitazama mikasa hii miwili utaona kwamba hakuna aliyemficha mwenzake jambo. Taarifa iliyohitajika ilikuwapo, imeandikwa au inafahamika kwa mtu fulani, na haikuwa hata na usiri mkubwa. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa wajibu wa kuifikisha hadi kwa mtu wa mwisho mwenye kidole kwenye kitufe, na utaratibu wa kuhakiki kwamba imefika.

Taarifa nikishampa mshirika, inakuwa ya nani?

Inabaki kuwa yako. Karibu mikataba yote ya aina hii inasimama juu ya kanuni moja: aliyeizalisha taarifa ndiye mwenye mamlaka juu yake, na aliyeipokea haruhusiwi kumpa mtu wa tatu, kuitumia kwa lengo jingine, wala kuishusha daraja la usiri bila idhini ya mwenyewe. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Ofisa wa nchi ya pili anaweza kuona sentensi moja isiyo na uzito wowote, kumbe anayejua chanzo chake anafahamu kwamba ni watu watatu tu duniani wangeweza kulisema jambo lile, na mmoja wao ndiye anayetusaidia.

Kanuni hii ina gharama. Chukua Japani na Korea Kusini, ambazo kila moja ni mshirika wa Marekani lakini zenyewe kwa zenyewe zina historia chungu. Kwa muda mrefu taarifa za makombora ya Korea Kaskazini hazikuwa na njia rasmi ya kupita moja kwa moja kati ya Tokyo na Seoul. Mwaka 2014 nchi hizo tatu zilikubaliana utaratibu ambao taarifa ilipitia kwa Marekani, kwa idhini ya aliyeitoa. Tarehe 23 Novemba 2016 ndipo Japani na Korea Kusini zikatia saini mkataba wao wenyewe wa kulinda taarifa za kijeshi. Agosti 2019, katika mvutano wa biashara na madai ya zama za ukoloni, Seoul ilitangaza kuuvunja, ikasitisha uamuzi huo mwezi Novemba saa chache kabla haujaanza kutumika, na hatimaye Machi 2023 mkataba ukarudishwa kikamilifu. Desemba mwaka huohuo nchi zote tatu zilianza kupeana tahadhari za makombora papo kwa papo. Kombora la masafa mafupi huruka kwa dakika chache tu, na taarifa inayozunguka kupitia mji mkuu wa tatu hula sehemu ya dakika hizo.

Madaraja ya usiri ya nchi mbalimbali yanalinganishwaje?

Kwa jedwali linaloambatanishwa na mkataba wa usalama, likionyesha daraja lipi la nchi moja ni sawa na lipi la nyingine. NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini ulioanzishwa mwaka 1949 ukiwa na wanachama 12 na sasa unao 32, ina madaraja manne ya usiri, na lile la juu kabisa hutambulika kwa neno COSMIC. Nchi wanachama hazilazimiki kuwa na manne: Uingereza ilipobadilisha mfumo wake mwaka 2014 ilibaki na matatu. Hapo jedwali huanza kubana, kwa sababu hati ya daraja la chini lisilo na mwenzake upande wa pili hulazimika ama kupandishwa, ikafungwa zaidi ya inavyostahili, ama kulindwa kwa maelekezo maalumu yanayoandikwa pembeni.

Tatizo kubwa zaidi lakini si jedwali. Ni tabia ya kuandika daraja la juu kwa mazoea. Ofisa akiiweka hati chini ya inavyostahili, anaweza kufikishwa mbele ya sheria. Akiiweka juu ya inavyostahili, hakuna anayemuuliza, ingawa kwa kitendo hicho huenda amemnyima mshirika onyo ambalo lingeokoa doria nzima. Mkuu yeyote wa kitengo anayejali kazi hii angefanya vyema kuokota hati kumi kila juma na kuuliza kwa kila moja: ni aya ipi hasa iliyoipandisha, na je, aya hiyo ikitolewa, iliyobaki haiwezi kwenda?

Nini maana ya kuandika kwa ajili ya kutolewa?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila ofisa alisome hata kama hatasoma mengine. Maana yake ni kwamba taarifa inaandikwa tangu mwanzo ikiwa na sehemu inayoweza kumfikia mshirika, badala ya kuandikwa kwa ajili ya nyumbani na kisha kusubiri mtu wa kuichambua baadaye. Njia ya kawaida ni ya mstari wa kukatia. Juu ya mstari hukaa chanzo, mbinu na mashaka ya ndani. Chini ya mstari hukaa jambo lenyewe. Mshirika hupewa sehemu ya chini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisa anaandika: “Fundi wetu aliyemo katika gereji ya adui ameeleza jana kwamba alifunga turubai juu ya malori matatu yenye makombora na kuyapeleka msituni karibu na daraja.” Sentensi hiyo haiwezi kwenda popote, kwa sababu imembeba fundi mgongoni. Sasa soma hii: “Malori matatu yenye turubai yameegeshwa chini ya miti, mita 400 kaskazini mwa daraja, tangu saa 2140Z. Yanakadiriwa kubeba makombora. Kiwango cha uhakika ni cha kati.” (Herufi Z ni ya saa ya pamoja ya dunia, itakayoelezwa mbele.) Kamanda wa kikosi jirani hapungukiwi na chochote anachohitaji ili kubadilisha njia ya msafara wake. Fundi hayumo, gereji haimo, na hata neno “jana” limeondolewa, maana siku ya kupokea habari nayo inaweza kuelekeza kidole kwa aliyeileta. Kiwango cha uhakika kimebaki, na hakipaswi kufutwa kamwe: mshirika asiyejulishwa mashaka yako ataichukua dhana yako kama jambo la hakika.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilitoa somo la aina hii kwa kiwango kikubwa. Uingereza ilipokuwa ikisoma mawasiliano ya fumbo ya Ujerumani kutoka Bletchley Park, kituo chake cha kuvunja mafumbo, matokeo yake yalipelekwa kwa makamanda, wakiwamo Wamarekani, kupitia vitengo vidogo maalumu vilivyokaa karibu na makao makuu yao. Aliyepewa alisoma, akarudisha au hati ikaharibiwa. Kabla ya kushambulia shabaha iliyojulikana kwa njia hiyo, mara nyingi ilitumwa kwanza ndege ya upelelezi iruke mahali ambapo adui angeiona, ili apate sababu nyingine ya kueleza bahati mbaya yake.

Kwa nini basi tusiweke kila kitu wazi kwa washirika wote?

Kwa sababu penye wengi pana mengi. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, tume iliyoyachunguza nchini Marekani ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2004 kwamba vyombo vya usalama vilikuwa vimefungiana taarifa mno, na milango ikaanza kufunguliwa. Mwaka 2010 askari mmoja mchambuzi wa Marekani aliyekuwa Iraq, Chelsea Manning, alinakili kutoka kwenye mtandao wa siri mamia ya maelfu ya nyaraka, zikiwamo telegramu za kidiplomasia zaidi ya 250,000, ambazo zilichapishwa hadharani. Mwaka 2023 askari wa akiba wa jeshi la anga, Jack Teixeira, alikamatwa kwa kuweka nyaraka za siri kwenye kundi la mazungumzo la intaneti, nyingi zikigusa vita vya Ukraine na mambo ya nchi rafiki. Katika matukio yote mawili waliopata hasara hawakuwa Marekani peke yake. Washirika walilazimika kujiuliza ni nini chao kilichokuwa katika rundo lile.

Funzo lililo sahihi, nionavyo, si kufunga tena milango. Ni kutofautisha kati ya nchi kuruhusiwa na mtu kuruhusiwa. Taarifa inaweza kuwa halali kwa mataifa 30, na bado mtu mmoja asiye na kazi nayo asiifungue. Mfumo uandike nani amefungua nini na saa ngapi, kuwe na mtu anayeisoma kumbukumbu hiyo, na kompyuta zisikubali diski wala vifaa vya kuchomeka.

Kwa nini majeshi washirika yasitumie mtandao mmoja tu?

Kwa sababu kila nchi ina sheria zake za kulinda siri, vifaa vyake vya usimbaji fiche ambavyo haimwonyeshi mtu, na bajeti yake. Mtandao mmoja wa wote ungelazimisha nchi zote kuishi kwa kiwango cha yule mwenye masharti makali kuliko wengine, au cha yule aliye mzembe kuliko wengine.

Afghanistan ilionyesha njia ya kati. Muungano wa pale ulifikia takriban nchi 50, na kwa miaka ya mwanzo kila taifa kubwa lilikuja na mtandao wake. Katika makao makuu ofisa mmoja aliweza kuwa na kompyuta kadhaa mezani, moja kwa kila mtandao, akisoma onyo kwenye kioo kimoja na kuliandika upya kwa vidole kwenye kingine. Kila kunakili kwa mkono ni nafasi ya tarakimu kupotea, na ni dakika zinazokwenda huku doria ikiwa njiani. Mwaka 2010 ulianzishwa mtandao wa pamoja wa misheni ile, ambao mataifa yaliunganisha mifumo yao kwao kwa viwango vilivyokubaliwa, yakaendesha vita kwenye mtandao huo badala ya mitandao ya nyumbani.

Kutokana na uzoefu huo NATO na nchi rafiki walijenga utaratibu wa kudumu wa mitandao shirikishi ya misheni. Wazo lake ni kwamba kila mmoja anakuja na chake, lakini alichokuja nacho kimekwisha kupimwa kuwa kinaelewana na cha wenzake kabla ya vita kuanza. Upimaji huo hufanyika kwa bidii kubwa: kila mwaka, huko Bydgoszcz nchini Poland, wahandisi na askari wa mataifa mengi hukutana kwenye zoezi la CWIX kuunganisha mifumo yao na kutafuta mahali inapogoma. Zoezi ambalo halina mfumo uliogoma halijafanya kazi yake.

Mitandao yenye usiri tofauti huunganishwaje bila kuvuja?

Kwa malango yanayolindwa. Lipo lango la njia moja, ambalo kwa umbile lake hupitisha data upande mmoja tu, kwa mfano kutoka mtandao wa wazi kwenda wa siri, bila njia ya kurudi. Lipo pia lango linalosoma lebo ya kila hati na kuamua ipite au ibaki. Lango la aina ya pili lina akili sawasawa na lebo iliyobandikwa, kwa hiyo NATO imeweka viwango viwili maalumu, STANAG 4774 kuhusu namna lebo inavyoandikwa na STANAG 4778 kuhusu namna inavyofungwa kwenye hati ili isibanduke. Pale ambapo maudhui ni maandishi huru au picha, mtu wa kuhakiki kwa macho bado anahitajika.

Vipi kuhusu taarifa za sekunde kwa sekunde, kama mahali ndege ilipo?

Hizo hupita kwenye viungo vya data, si kwenye barua pepe. Kinachojulikana zaidi ni Link 16, kinachotumia masafa kati ya megahezi 960 na 1,215. Kila mshiriki hupewa vipande vyake vya muda vya kutangaza, na masafa hurukaruka ili kumkwepa anayejaribu kuyaziba. Ndege, manowari na betri za makombora huchangia na kuona picha moja.

Picha hiyo hainufaishi asiyeunganishwa. Machi 2003, karibu na mpaka wa Kuwait na Iraq, betri ya makombora ya Patriot ya Marekani ilitungua ndege ya Uingereza aina ya Tornado iliyokuwa ikirejea kutoka kazini, na wote wawili waliokuwamo wakafa. Uchunguzi wa Uingereza ulibaini mambo kadhaa, yakiwamo kwamba kifaa cha utambulisho cha ndege huenda kiliharibika na kwamba betri ile ilikuwa ikifanya kazi huku vifaa vyake kamili vya mawasiliano vikiwa bado safarini. Silaha ilikuwa imefika kabla ya habari.

Ni makosa gani madogo yanayoharibu taarifa nzuri?

Saa, vipimo na maneno. Majeshi ya muungano huandika saa kwa kipimo kimoja cha dunia kinachoitwa Zulu, kwa sababu “saa tatu” ya kikosi kimoja ni “saa nne” ya jirani yake aliye ng’ambo ya mpaka. Mwinuko mmoja hutolewa kwa futi na mwingine kwa mita.

Kosa la kuogopwa zaidi ni la majira ya nukta. Ofisa akiandika latitudo “2.30” akimaanisha nyuzi mbili na dakika thelathini, na mpokeaji akaisoma kama nyuzi mbili na sehemu thelathini za mia, tofauti kati ya nukta hizo mbili ni sehemu ishirini za mia za nyuzi, yaani takriban kilomita 22. Hiyo inatosha kuhamisha bomu kutoka kwenye ghala la silaha hadi kwenye kijiji. Andika siku zote mfumo unaoutumia, na mpokeaji arudie kusoma kwa sauti.

Lugha nayo si jambo dogo. Katika misheni ya Umoja wa Afrika nchini Somalia, AMISOM, iliyodumu kuanzia 2007 hadi 2022, walikuwamo Waganda na Wakenya waliozoea amri za Kiingereza, Warundi na Wajibuti wenye mapokeo ya Kifaransa, na Waethiopia wenye Kiamhari, wote wakitafuta habari kwa wananchi wanaozungumza Kisomali. Katika mazingira kama hayo alama za ramani zilizokubaliwa na fomu zenye nafasi za kujaza hufaa kuliko aya ndefu.

Funguo za fumbo hushughulikiwaje?

Funguo hizo, yaani maneno au namba za kufungulia ujumbe uliofichwa, hushughulikiwa kwa ratiba moja inayowafikia wote kabla ya saa ya kubadilisha. Wanahistoria wa vita vya Juni 1967, kati ya Israeli na majirani zake Waarabu, wanaeleza kwamba asubuhi ya tarehe 5, kituo cha rada cha Ajlun nchini Jordan kiliona wingi wa ndege za Israeli zikiruka na kikatuma Cairo neno la tahadhari lililokubaliwa. Neno hilo halikueleweka Cairo, kwa sababu Misri ilikuwa imebadilisha utaratibu wake wa fumbo siku iliyotangulia bila kumjulisha mshirika wake. Siku hiyohiyo jeshi la anga la Misri liliangamizwa likiwa ardhini.

Je, ofisa anayekaa kwa mshirika bado anahitajika wakati kompyuta zimeunganishwa?

Anahitajika, na ningemtuma aliye bora kabisa, hata kama mkuu wake atalalamika. Mashine hupeleka kilichoandikwa. Ofisa kiungo hupeleka kilichokusudiwa. Anapomsikia kamanda wa pale akisema “tutajitahidi”, anajua kama hiyo ni ahadi au ni kukataa kwa adabu, na anawaambia wa kwao. Anajua pia nani wa kumwamsha usiku.

Nchi ndogo ina nini cha kuwapa wakubwa?

Mara nyingine ina kile kinachowashinda wakubwa. Wanahisabati watatu wa Poland, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, walikuwa wakisoma mafumbo ya mashine ya Enigma ya Ujerumani tangu miaka ya 1930. Mwishoni mwa Julai 1939, huko Pyry karibu na Warsaw, Wapoland waliwaita Waingereza na Wafaransa, wakawaonyesha mbinu zao na kuwapa nakala za mashine hiyo. Wiki tano baadaye Poland ilivamiwa. Kazi iliyofuata Bletchley Park ilijengwa juu ya walichopewa pale. Wangechelewa kidogo, siri yao ingekufa pamoja na ofisi zao.

Katika misheni za Umoja wa Mataifa mambo ni yaleyale?

Hapana. Umoja wa Mataifa uko ndani ya nchi kwa ridhaa ya nchi hiyo, na sera yake kuhusu taarifa za ulinzi wa amani, iliyotolewa kwanza mwaka 2017, inakataza mbinu za kificho. Hata kikosi chenye mamlaka ya kushambulia, kama kile cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kilichoidhinishwa kwa ajili ya Kongo mwaka 2013, kiliwekwa ndani ya muundo ambao polisi na raia wa misheni nao huchangia na kutumia taarifa.

Taarifa ifanyweje zamu inapobadilika au operesheni inapoisha?

Vikosi vingi hukaa miezi michache kisha hubadilishana, na hapo ndipo ujuzi mwingi unapopotea. Faili linaloitwa kwa jina la ofisa aliyeondoka halitafunguliwa na mtu. Liitwe kwa mahali, tarehe na jambo. Anayeondoka na anayeingia wakae pamoja siku kadhaa, waende hadi kwa washirika wakatambulishane uso kwa uso. Operesheni ikiisha, kumbukumbu zigawanywe kwa kufuata mkataba: za kurudishwa, za kuharibiwa kwa ushahidi, na za kuhifadhiwa. NATO huzipitia hati zake zinapofikisha miaka 30 ili kuona zipi zifunguliwe kwa umma, kwa idhini ya nchi zilizozitoa.

Uhusiano na mshirika ukivunjika itakuwaje?

Wajibu wa kulinda alichokwisha kukupa unaendelea, na mikataba mizuri husema hivyo waziwazi. Kinachobadilika ni mtiririko mpya. Mwaka 1985 New Zealand ilipoikatalia manowari ya Marekani kutia nanga kwa sababu ya msimamo wake dhidi ya silaha za nyuklia, Marekani ilipunguza taarifa ilizokuwa ikiipa, lakini ushirikiano wa kijasusi wa nchi tano, uliotokana na makubaliano ya Uingereza na Marekani ya mwaka 1946, haukufa.

Nimepokea kwa makosa hati ya mshirika isiyonihusu. Nifanye nini?

Usiifungue zaidi, usiinakili, usiipeleke kwa mwenzako akusaidie kuielewa, na usiifute. Andika saa uliyoipokea na njia iliyokujia, funga mashine au bahasha, mjulishe ofisa usalama wako mara moja, naye amjulishe mwenye hati siku hiyohiyo.